Mmoja kilo 4.3, mwingine kilo 1.9: mimba zangu zimewaachia nini wanangu?

Swali

Daktari, shikamoo. Nina miaka 32, naishi Buhongwa, Mwanza. Mtoto wa kwanza ni wa kike, ana miaka mitano. Mimba yake ilipofika wiki ya 30 nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikatoka 6.4, wakasema ni kisukari cha mimba. Alizaliwa na kilo 4.3, akawa anatetemeka, wakamkimbiza chumba cha watoto wachanga na kumpa maziwa. Wa pili ni wa kiume, ana miezi 14. Mimba hiyo presha ilipanda hadi 160/110, nikavimba uso na mikono, wakaona protini kwenye mkojo, ikabidi wanianzishe uchungu wiki ya 36. Alizaliwa na kilo 1.9. Sukari safari hiyo walipima mkojo tu, wakasema iko sawa, na tangu hapo sijapima. Sasa wifi yangu anasema wanangu wote watakuja kuugua kisukari na presha kwa sababu wamevipata tumboni. Mama mkwe naye ametoka Ukerewe kuja kumnenepesha huyu mdogo: uji mara tatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari na siagi ya kopo. Kunyonya amebaki usiku tu. Je, nimewaharibu wanangu? Nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mama. Umeniandikia namba, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniandikia "mtoto alikuwa mkubwa" au "presha ilipanda kidogo", nikabaki kubahatisha.

Nianze na wifi yako, maana naona ndiye aliyekunyima usingizi. Ameshika jambo la kweli, kisha akalibebesha mzigo lisiouweza. Ni kweli kwamba mtoto aliyekulia kwenye mimba yenye kisukari au presha huanza maisha na mwili uliojipanga tofauti kidogo. Lakini ugonjwa wenyewe hakuupata tumboni, kama mtoto anavyoweza kupata kaswende. Wanao hawana kisukari. Wana mwelekeo, na kila mmoja amefika kwenye mwelekeo huo kwa njia yake, kwa hiyo nitawazungumzia mmoja mmoja.

Kuhusu kuwaharibu: hapana. Kisukari cha mimba kinaletwa na homoni za kondo la nyuma zinazoifanya insulini ya mama, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, ifanye kazi kwa kusuasua. Wengine kongosho lao linamudu kuongeza nguvu, wengine halimudu. Presha ya mimba mara nyingi mizizi yake iko kwenye jinsi kondo lilivyojipandikiza miezi ile ya mwanzo, muda mrefu kabla uso haujavimba. Hakuna soda uliyokunywa iliyokupandishia hiyo 160.

Sasa dada mtu. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Maana yake, mama sukari ikipanda, mtoto anapelekewa mzigo bila kupelekewa wapagazi. Inabidi kongosho lake mwenyewe, ambalo huwa limeanza kazi tangu miezi mitatu ya kwanza inapoishia, litoe insulini ya kutosha sukari yote hiyo. Na kwa mtoto aliye tumboni insulini ni homoni ya kukuza: inajaza mafuta tumboni na mabegani, ndiyo maana watoto hawa wakati mwingine mabega hukwama wakati wa kuzaliwa. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alieleza jambo hili miaka ya 1950, na mpaka leo msingi wa maelezo yake umesimama.

Kule kutetemeka ulikokuona ni mwisho wa hadithi hiyohiyo. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo, lakini kongosho la mtoto halijapata habari. Linaendelea kumwaga insulini kwa kiwango cha jana. Sukari ya mtoto inashuka ndani ya saa chache, anatetemeka, analegea, au hanyonyi. Waliokimbia na maziwa walifanya sawasawa. Na ona kichekesho chake: mtoto wa mama mwenye sukari nyingi anapata shida kwa kupungukiwa sukari.

Baada ya siku hizo za mwanzo kongosho hutulia. Kinachobaki ni tabia ya mwili kuhifadhi mafuta kwa wepesi, na insulini kufanya kazi chini ya kiwango umri ukisogea. Watu huniuliza, "Lakini daktari, si ni kurithi tu? Mama ana sukari, mtoto ana sukari." Swali zuri, na jibu lake lilipatikana kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, huko Arizona, Marekani, jamii yenye kisukari kingi mno. Watafiti walilinganisha ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na wadogo zao waliozaliwa baada ya kupata. Mama ni huyohuyo, baba ni huyohuyo, jiko ni lilelile. Wale wa baadaye ndio waliokuwa wanene zaidi na waliopata kisukari zaidi. Walipofanya hesabu hiyohiyo kwa kufuata tarehe ya baba kuugua, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo ukiacha damu ya ukoo, tumbo lenyewe lina mchango wake.

Na si lazima sukari iwe juu sana. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2008, wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa mkubwa hupanda polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, bila mahali pa kuchora mstari ukasema hapa ni salama, pale ni hatari. Watoto wao walipofuatiliwa wakiwa na miaka 10 hadi 14, wale ambao mama zao sukari ilikuwa juu walikuwa na mafuta mengi zaidi mwilini, na miili yao ilishughulikia sukari kwa shida zaidi. Kutokana na utafiti huo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 liliweka kiwango cha 5.1 kabla ya kula kuwa mwanzo wa kisukari cha mimba. Wewe ulikuwa 6.4. Hapakuwa na ubishi.

Nikwambie pia jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Kutibu kisukari cha mimba kunapunguza watoto wakubwa kupita kiasi na matatizo ya kujifungua, hilo limethibitishwa. Lakini watoto wa akina mama waliotibiwa, walipofuatiliwa hadi miaka minne, mitano, hawakuonekana wazi kuwa wembamba kuliko wale wa akina mama ambao hawakutibiwa. Tiba ya miezi mitatu ya mwisho haifuti kila kitu. Ndiyo maana binti yako namtazama kuanzia leo kwenda mbele, sihangaiki na yaliyopita.

Hahitaji kutobolewa kidole kila mwezi. Mtoto wa miaka mitano anayecheza, anayekula na asiye na dalili, sukari yake haina haja ya kuwindwa. Mpime urefu na uzito kila baada ya miezi sita, vyote viwili, siku moja. Kama huna mzani, tazama sketi yake ya shule. Mtoto anayekua vizuri sketi inakuwa fupi kabla haijabana. Ikianza kubana kiunoni wakati urefu bado unafaa, hapo kuna habari. Hata ikitokea hivyo usimfungishe wala kumnyima chakula. Mtoto yeye anakua kwenda juu, kwa hiyo uzito ukisimama mwaka mmoja tu urefu unakuja kuukuta.

Tazama na shingo yake. Ukiona weusi nyuma ya shingo au kwapani, ngozi nene kidogo, laini kama mahameli, usichukue dodoki. Nimeona shingo za watoto zimesuguliwa mpaka zikachubuka kwa sabuni na dodoki, mama akiamini ni uchafu na bibi akiamini ni uvivu wa kuoga. Ile ni alama kwamba insulini imezidi mwilini kwa kuwa haifanyi kazi vizuri, na mtoto mwenye alama hiyo ndiye wa kumleta tupime.

Chakula chake sina mengi. Kinachowanenepesha watoto wa umri wake mjini kwetu ni vya kunywa na vya hela ya shule: soda, juisi za paketi, barafu za rangi, chipsi za jioni. Ugali wa dona, sato na mchicha havijamdhuru mtoto. Mwache acheze rede na kombolela mpaka kiza kiingie, usiku alale kwa muda wa saa kumi hivi, na simu yako iwe yako. Ila akianza ghafla kunywa maji kupita kawaida, kukojoa kitandani wakati alikwisha acha, na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme mwenyewe, "Mpimeni sukari." Hicho ni kisukari cha aina nyingine, hakihusiani na kilo 4.3, lakini kinaua haraka, na kwetu huku homa na kutapika hudhaniwa malaria kwanza.

Huyu mdogo ndiye nataka tukae naye.

Kwenye presha ya mimba, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo haikupanuka ilivyotakiwa. Damu inafika kidogo, chakula kidogo, hewa kidogo. Mtoto anafanya kama kaya yoyote tarehe ishirini na tano ya mwezi: ada inalipwa, paa linasubiri. Ubongo unalishwa kwanza. Misuli, ini, kongosho na figo vinapewa kinachobaki. Anazaliwa na misuli kidogo, na mwili uliozoea kutunza kila tone la nguvu. Wako alizaliwa kabla ya wiki 37, kwa hiyo ni njiti, lakini kilo 1.9 kwa wiki 36 ni ndogo hata kwa njiti. Alibanwa kweli.

Jambo hili liligunduliwa kwa sababu ya daftari. Mwaka 1911, huko Hertfordshire, Uingereza, muuguzi aliyesimamia wakunga wa jimbo, Ethel Margaret Burnside, aliagiza kila mtoto anayezaliwa apimwe, na uzito wake uandikwe, kisha apimwe tena akifikisha mwaka. Madaftari yalikaa miaka mingi. Miaka ya 1980 Profesa David Barker na wenzake wa Southampton waliyafungua, wakawatafuta watu wale, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wamekufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Baadaye wakaona pia kwamba waliokuwa hai walikuwa na kisukari zaidi. Madaktari wengi walicheka. Tulizoea kuviita hivi magonjwa ya kula vizuri, na huyu anasema vinaanzia kwenye njaa ya tumboni!

Mwili uliojiandaa kwa uhaba unapata taabu unapokutana na wingi. Utafiti wa Delhi, India, uliotoka mwaka 2004 ulifuatilia watu karibu 1,500 tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Waliokuja kupata kisukari, au sukari ya kukaribia huko, wengi walikuwa watoto wembamba mpaka miaka miwili, kisha wakaongezeka mwili haraka kuanzia hapo kwenda miaka 12. Na wala hawakuwa vibonge! Ungewaona shuleni ungesema ni watoto wa kawaida. Tofauti ilikuwa kwenye mwendo, kutoka wembamba kwenda unene kwa kasi.

Sasa nisikilize vizuri, usije ukamnyima. Miezi hii kabla ya miaka miwili mtoto aliyezaliwa mdogo anapaswa kula, kukua na kuwafikia wenzake. Ubongo wake unakihitaji chakula hicho. Ninachogombana nacho ni kumjaza mafuta bila misuli wala urefu. Hesabu uji wa mama mkwe: vikombe vitatu, vijiko tisa, karibu gramu 36 za sukari kwa siku. Mtoto wa umri huo mahitaji yake yote ni kama kalori 900. Sukari hiyo peke yake inachukua kalori 144, na haina protini, madini ya chuma wala zinki. Ukiongeza siagi, tumbo limejaa, na titi limekimbiwa.

Kuna ushahidi mpya kuhusu sukari ya utotoni. Uingereza iligawa sukari kwa mgao tangu wakati wa vita mpaka Septemba 1953, kisha ulaji ukapanda karibu mara mbili kwa mkupuo. Mwaka 2024 watafiti walilinganisha watu waliotungwa mimba kabla na baada ya tarehe hiyo. Walioupitia mgao huo tumboni na utotoni walipata kisukari cha ukubwani pungufu kwa takriban asilimia 35, na presha pungufu kwa takriban asilimia 20. Mgao wenyewe haukuwa wa njaa; ulikuwa karibu sawa na kiasi tunachoshauri leo. Na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ushauri wa leo ni sukari ya kuongeza sifuri.

Mama mkwe wako simlaumu. Kanda hii ina sababu ya kuogopa wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipatikana Kagera mwaka 1983, na walioishi miaka ile kando ya ziwa walizika watu waliokonda mpaka hawatambuliki. Bibi aliyeona hayo, mkimwonyesha mjukuu wa kilo 1.9, atakimbilia sukari. Kwa hiyo usimpokonye kikombe. Mpe kazi anayoijua kuliko mimi na wewe: dagaa.

Yeye ni wa Ukerewe, atawatambua dagaa waliokaushwa juu ya chanja na wale walioanikwa chini. Akienda soko la Mwaloni achague wa chanja, wawe wanang'aa, wasiwe na mchanga wala harufu kali. Awatoe vichwa, awaoshe kwa maji ya uvuguvugu zaidi ya mara moja, awaanike, awakaange kwenye sufuria kavu, awatwange na kuchekecha. Vijiko viwili vya unga huo kwenye uji mzito, au kwenye kiazi kitamu kilichopondwa na mchicha. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata protini na kalsiamu ya kujenga urefu. Uji uwe wa nafaka moja au mbili. Hizi "lishe" za nafaka kumi sokoni wala sioni zinaongeza nini zaidi ya bei. Ale mara tatu au nne kwa siku na kitu kidogo katikati, na anyonye kabla ya uji, mchana pia, mpaka miaka miwili au zaidi.

Kliniki, kile kimzani cha kuning'iniza kinatudanganya kwa nusu. Kinakuonyesha kilo zimepanda, wote mnafurahi, lakini hakisemi kama zimepanda mfupa au mafuta. Omba alazwe kwenye ubao apimwe urefu. Na unapomlinganisha na wenzake toa wiki nne, maana alizaliwa mapema: mhesabu kuwa wa miezi 13.

Halafu figo. Vichujio vya figo hutengenezwa tumboni mpaka karibu wiki ya 36, na baada ya kuzaliwa haviongezeki tena. Ulivyo navyo ndivyo utakavyozeeka navyo. Mtoto aliyebanwa huzaliwa navyo vichache, vinafanya kazi ya ziada, na presha inaweza kupanda baadaye. Kwa watoto waliotoka kwenye presha ya mimba, tofauti inayoonekana utotoni ni ndogo, kama alama mbili tu kwenye ile namba ya juu. Lakini apimwe presha mara moja kwa mwaka, na kwa alivyozaliwa mdogo asisubiri mpaka miaka mitatu. Mkanda uwe wa mtoto. Wa mtu mzima unatoa namba ya uongo. Na diklofenaki ya dukani kila akipata homa, acheni; ni dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo.

Umebaki wewe, ambaye hukujiulizia kabisa. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano karibu mara kumi wa kupata kisukari cha kudumu kuliko ambaye hakupata. Ilitakiwa upimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua mara ya kwanza, na kwenye barua yako sioni kama ulipimwa. Mimba ya pili walipima mkojo, na mkojo unaweza kuwa msafi huku sukari ya damu iko juu. Nenda asubuhi bila kula, hospitali ya Sekou Toure, ya Bugando au kituo chochote kinachopima sukari ya damu, na upime presha hapohapo. Ukitaka mtoto wa tatu, subiri huyu avuke miaka miwili. Siku ya kwanza ya kliniki waambie historia yako: sukari ya damu ipimwe siku hiyo badala ya kungoja wiki ya 24, na wazungumze nawe kuhusu kalsiamu, na aspirini ya dozi ndogo ambayo huanzwa kati ya wiki ya 12 na ya 16. Usijinunulie mwenyewe. Chandarua na dozi za SP, zile za kukinga malaria wakati wa mimba, usiziruke, maana malaria ya kwenye kondo huku kwetu nayo huzaa watoto wa kilo mbili.

Na leo usiku nunua daftari la mia tano. Ukurasa mmoja wa binti: wiki aliyozaliwa, 4.3, sukari ya mama 6.4. Ukurasa mwingine wa kijana: wiki 36, 1.9, presha ya mama 160/110. Kadi za kliniki zinapotea mtoto akianza shule, na daktari atakayewaona wakiwa na miaka 30 hatakuwa na namna nyingine ya kujua. Ukurasa wa tatu ni wako. Ukishapima niandikie namba yenyewe, usiniandikie kwamba walisema iko sawa.